CHALE: Vichekesho vya nyeusi na nyeupe vilivyotufikia kwa lori, na kwa nini tuvirudishe kwenye pazia kubwa

SEHEMU YA 1: Neno lenyewe

Mama zangu na baba zangu wa ukurasa huu, wiki hii sizungumzii chanjo wala uji wa lishe. Nawaletea historia. Nimeigawa vipande sita ili mtu asome huku ananyonyesha, aweke simu chini, arudi baadaye akute pale pale alipoachia. Afya itaingia tu humo ndani, si mnanijua.

Tuanze na neno CHALE. Ukimtajia nesi neno hilo, kinachomjia haraka ni zile alama za wembe kifuani mwa mtoto, tunazoziona tukimvua nguo kumpima. Hizo tumeshazisema sana hapa, na msimamo wangu mnaujua: mtoto anayehema kwa shida aletwe hospitali, asipelekwe kwenye wembe.

Ila kwenye kamusi kuna chale nyingine kabisa. Chale ni mtu wa vituko, mchekeshaji. Wazee wanasema "yule bwana chale kweli kweli", au "acha uchale wako". Hilo neno halikutoka pwani kwa Waarabu wala bara kwa Wabantu. Limetoka kwenye jina la mtu mmoja, Charlie. Yaani Charlie Chaplin.

Chaplin alizaliwa London mwaka 1889. Mwaka 1914, akiwa Marekani, akaanza kuonekana kwenye filamu na vazi ambalo mpaka leo mtoto akiona kivuli chake tu anacheka: kofia ya duara, kisharubu kifupi, koti linalobana, suruali pana kama ya kuazima, viatu vikubwa na bakora. Ni maskini asiye na kwao, lakini anatembea kama bwana mkubwa. Njaa anayo, tai amefunga.

Filamu za wakati ule zilikuwa bubu. Hakuna mtu anayeongea, kuna maandishi machache tu katikati ya picha. Ndo maana zilivuka bahari bila shida. Mtu aliyeteleza akaanguka kwenye ndoo ya maji hahitaji mkalimani. Zikafika Ulaya, India, Zanzibar, Dar es Salaam, na baadaye zikapanda hadi vijiji vya bara. Zikafika mahali ambapo hakuna aliyejua London iko upande gani, na bado watu wakamchukua yule bwana, wakamfanya neno la Kiswahili. Mcheza sinema wa kigeni kugeuzwa nomino ya kawaida, kama kijiko au sahani, si jambo dogo.

Kwa nini nayaleta leo? Kwa sababu filamu hizi zinarudi. Juni 26, 2025 filamu ya Chaplin inayoitwa The Gold Rush ilitimiza miaka 100 tangu izinduliwe. Mafundi waliisafisha upya, ikaoneshwa kwenye tamasha la Cannes huko Ufaransa mwezi Mei 2025, kisha ikarudishwa kwenye kumbi za nchi nyingi. Watu wazima na watoto wakakaa gizani pamoja, wakamcheka mtu aliyefariki mwaka 1977.

Nilipoisoma habari hiyo nikajiuliza: na kwetu je? Vichekesho vya zamani vilivyowachekesha bibi na babu zetu viko wapi? Twende pamoja.

SEHEMU YA 2: Lori, jenereta na shuka jeupe

Mjini kulikuwa na kumbi. Zanzibar walikuwa na ukumbi wao mkubwa tangu miaka ya 1920, ukaja kuungua, ukajengwa upya mwaka 1955 kwa jina la Majestic. Dar es Salaam, Tanga, Moshi na Arusha nao walikuwa na za kwao. Watu walivaa vizuri Jumapili wakaenda sinema, mama na dada zao na watoto.

Huku kwetu bara, kijijini, sinema ilikuja kwa gari. Kumbukeni, televisheni Tanzania Bara imeanza mwaka 1994. Zanzibar walitutangulia miaka ishirini na zaidi, wao walikuwa nayo tangu 1973. Kwa hiyo mtu wa Bahi, Chamwino au Kongwa aliyezaliwa miaka ya 1940, picha ya kwanza inayotembea aliyoiona maishani haikuwa kwenye kioo kidogo sebuleni. Ilikuwa kubwa kuliko nyumba yake, imetundikwa nje, usiku, na kijiji kizima kimekaa chini.

Mradi mkubwa wa kwanza wa namna hiyo ulikuwa hapa hapa Tanganyika. Kati ya mwaka 1935 na 1937 Waingereza walifungua kituo cha kutengeneza filamu Vugiri, kwenye milima ya Usambara kule Korogwe. Fedha nyingi zilitoka shirika la Carnegie la New York. Mkuu wa kazi alikuwa Meja Notcutt. Walitengeneza filamu 35 hivi za nyeusi na nyeupe, waigizaji wakiwa Waafrika, sauti ikiwekwa kwenye santuri. Kisha lori likazunguka nazo Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland ambayo sasa ni Malawi, na Rhodesia ya Kaskazini ambayo sasa ni Zambia.

Zilihusu nini? Kuweka akiba posta. Chai. Kahawa. Ngozi za mifugo. Na, hapa masikio yangu ya kinesi yakasimama, minyoo ya safura.

Safura mnaijua. Ni ile minyoo inayoingia kwa ngozi ya mguu, mtoto akitembea pekupeku penye udongo uliochafuliwa na kinyesi. Ikifika utumbo mwembamba inajishika pale na kunyonya damu. Mtoto anapauka, anachoka, anakuwa mzito darasani. Mama mjamzito anaingia leba damu iko chini. Dawa yake kuu ni ile ile tangu 1936: choo, viatu na dawa ya minyoo. Karibu miaka tisini iliyopita watu walikalishwa mbele ya shuka kufundishwa jambo ninalolifundisha mimi kliniki leo. Filamu ile ya safura ni miongoni mwa chache za Vugiri zilizosalia, na imehifadhiwa Uingereza.

Baada ya Vugiri kufungwa, magari ya sinema hayakuisha. Serikali ya kikoloni iliendelea nayo, na baada ya Uhuru serikali yetu nayo ikaendelea. Ratiba zilifanana sana: habari za serikali, halafu filamu ya mafunzo, halafu kichekesho. Na kichekesho mara nyingi kilikuwa Chaplin.

Kulikuwa pia na mtu muhimu pembeni mwa pazia: mkalimani mwenye kipaza sauti. Yeye ndo alieleza picha kwa Kiswahili au kwa lugha ya pale kijijini. Mkalimani mzuri alijua kuongeza chumvi, akampa Chaplin maneno ambayo Chaplin mwenyewe hakuyasema. Mliokulia kwenye vibanda umiza mnamkumbuka Lufufu na sauti yake juu ya kila mkanda wa mapigano? Kazi ile ilikuwa na babu yake, na babu yake alikuwa kwenye lori la sinema.

SEHEMU YA 3: Kisa cha kuku

Hapa ndo penye moyo wa hadithi yangu, msipapite haraka.

Mwaka 1939 Waingereza walianzisha idara ya filamu za makoloni huko London. Bosi wake alikuwa William Sellers, mtu aliyetokea idara ya afya Nigeria. Yeye na wenzake walikuwa na imani moja: Mwafrika wa kijijini hajui kusoma picha. Kwa hiyo wakaweka masharti. Filamu iende polepole. Picha zisikatwe-katwe. Pasiwe na mbinu za kamera. Mtu akitoka nyumbani kwenda shamba, aoneshwe akitembea, maana ukimruka kutoka mlangoni hadi shambani watazamaji watadhani ni uchawi. Na kulikuwa na kisa kilichorudiwa kwenye vitabu vyao mpaka kikachakaa, kwamba wanakijiji walioneshwa mbu mkubwa kwenye pazia wakasema: ahaa, kumbe kwenu mna tatizo, sisi mbu wetu ni wadogo.

Wengi wamecheka na kisa hicho. Mimi nikikisoma nawasikia mama zangu wa foleni ya kliniki. Hivi kweli mtu aliyeng'atwa na mbu kila usiku wa maisha yake anashindwa kujua kwamba picha imekuzwa? Au alikuwa anatania, na mgeni hakujua kama anataniwa? Nyie Wagogo na majirani zenu mnaujua utani. Mtu anaweza kukutania na uso mkavu kabisa, wewe ukaandika kitabu.

Kisa kingine alikisimulia John Wilson, mtaalamu wa chuo kikuu cha London. Walioneshwa watu filamu fupi ya afya: jinsi ya kuondoa maji yaliyotuama na makopo yanayozalisha mbu. Mfanyakazi wa afya anafanya hatua kwa hatua, polepole sana. Filamu ikaisha. Wakaulizwa, mmeona nini? Wakajibu: kuku.

Waliotengeneza filamu wakashangaa, kuku gani? Hawakujua kwamba kuna kuku kwenye filamu yao! Wakairudia picha kwa picha, na kweli, kwenye kona, kwa muda kama wa sekunde moja, kuku anakurupuka anakatiza.

Kisa hicho kimetumika miaka mingi kuonesha kwamba watu wale hawakujua kutazama. Mimi nakiona kinyume. Waliotengeneza filamu waliitazama tena na tena wasimwone kuku wao wenyewe. Waliokaa chini walimwona mara moja. Sasa hapo nani anajua kutazama? Walimwona kwa sababu kuku alikuwa ndo kitu pekee kwenye filamu ile kilichofanya jambo la ghafla. Mengine yote yalikuwa ya polepole na ya kuchosha, tena mengi walikuwa wanayajua.

Na sasa linganisha na Chaplin. Filamu zake zilivunja masharti yote ya Sellers. Zinakwenda mbio. Picha zinakatwa. Mtu yuko huku, mara yuko kule. Kamera ina hila. Kwa imani ile ya wakubwa, wanakijiji wasingeelewa chochote. Lakini lori lile lile lililobeba filamu za polepole lilibeba Chaplin, ili watu waje, na watu wakaja, wakacheka pale pa kucheka. Haikuhitajika semina.

Kwa nini walimwelewa? Kwa sababu mambo yake yalikuwa yao. Anamkimbia polisi, wao walimjua askari wa kodi. Bosi anampiga teke, naye akigeuka analipiza kwa akili. Serikali za kikoloni zilikuwa na bodi za kukagua filamu, na walikuwa na hofu Waafrika wasione mzungu akidhalilika kwenye picha. Halafu wakamleta mzungu anayeanguka kwenye matope, anayemwagiwa maji, anayepigwa mweleka na mlango. Walimwona ni chale tu, hana madhara.

Kuna njaa pia. Kwenye The Gold Rush, Chaplin amekwama kwenye kibanda katikati ya theluji, chakula kimekwisha, anachemsha kiatu chake. Anakiweka sahani, anakikata kwa kisu na uma, anazungusha kamba za kiatu kama tambi, ananyonya misumari kama mifupa ya kuku. Ugogo ni nchi iliyopita kwenye njaa ya Mtunya, ile ya 1917 hadi 1920, baada ya majeshi ya vita kuu ya kwanza kuchukua mifugo, nafaka na vijana, halafu mvua zikakataa. Watoto na wajukuu wa watu wa Mtunya hawahitaji kuelezwa kwa nini mtu anaweza kukitazama kiatu kwa jicho la chakula. Wanaweza pia kucheka, maana mtu aliyevuka njaa ana haki ya kuicheka.

Somo langu kama mtoa elimu ya afya liko hapo. Mtu akisinzia kwenye mafunzo yako, usikimbilie kusema haelewi. Pengine ameelewa tangu dakika ya kwanza, sasa anamtafuta kuku.

SEHEMU YA 4: Waziri Mkuu aliyekuwa chale

Sasa vichekesho vya kwetu wenyewe. Vijana wengi hawalijui hili, na ukiwaambia wanadhani unatania.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Tanganyika iliajiri kampuni ya filamu kutoka Afrika Kusini ije itengeneze filamu za Kiswahili, na waigizaji wa hapa hapa. Zikatoka filamu kama Muhogo Mchungu, Meli Inakwenda na Wageni Wema. Ndani ya Muhogo Mchungu kuna mtu wa shamba, mshamba hasa, anayeingia mjini na kukutana na wajanja. Mnaijua hiyo hadithi, imechezwa na wachekeshaji wetu wote mpaka King Majuto na Joti. Mgeni wa mjini haachi kutuchekesha.

Mwigizaji mkuu alikuwa kijana mmoja mtumishi wa serikali, aliyezaliwa Songea mwaka 1926 na kusoma Tabora. Jina lake Rashidi Mfaume Kawawa.

Ndiyo, huyo huyo. Simba wa Vita.

Mwaka 1955 lilipoanzishwa shirikisho la vyama vya wafanyakazi Tanganyika, Kawawa akawa katibu mkuu wake. Januari 1962, Mwalimu Nyerere alipojiuzulu uwaziri mkuu ili akakijenge chama, aliyeshika nafasi yake ni Kawawa. Ndani ya miaka kama kumi tu, mtu aliyewachekesha watu kama mshamba aliyepotea mjini akawa Waziri Mkuu wa nchi. Mtu wa kijijini aliyemwona kwenye shuka jeupe kisha akamwona kwenye jukwaa la siasa, alikuwa anamwona mtu anayemfahamu. Siamini kama sura ile haikumsaidia.

Lakini tusiwe wepesi. Filamu zile zililipiwa na serikali ya kikoloni, na kicheko chake kilikuwa na kazi. Wakubwa hawakupenda vijana waache mashamba wakimbilie mijini. Kumcheka mshamba aliyeibiwa mjini ni njia ya kumwambia kijana: baki kwenu, ulime. Kichekesho hakiko peke yake siku zote, nyuma yake kuna anayelipa jenereta. Hilo mfundisheni mtoto wenu hata kwa vichekesho vya kwenye simu leo: nani kalipa, na anataka ufanye nini?

Na sisi wa Dodoma tuna la ziada. Kawawa alikuwa Waziri Mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977. Ni ndani ya kipindi hicho, mwaka 1973, TANU ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma. Kwenye filamu, mtu wa bara anaenda kuhangaika mjini pwani. Miaka ishirini baadaye uamuzi unapitishwa mji wenyewe uje bara. Utekelezaji ulichukua muda, serikali imehamia kwa nguvu tangu 2016, na leo hapa Makole mgeni anayepotea njia ni mtu wa Dar es Salaam anayeuliza stendi iko wapi. Ningependa kuona chale wa leo akiicheza hiyo.

Mzee Kawawa alifariki Desemba 31, 2009. Barabara zina jina lake, shule zina jina lake. Filamu zake kizazi changu tunazijua kwa jina tu. Tunamjua mwenye suti ya Kaunda, hatumjui yule aliyetufanya tucheke. Wenzetu wamemsafisha Chaplin wao wakamrudisha kwenye pazia kubwa akiwa na miaka mia. Na sisi tuna wa kwetu, anaongea Kiswahili.

SEHEMU YA 5: Mtoto wa siku tatu

Sehemu hii ni ya akina mama, ila akina baba msiondoke.

Julai 1919 Chaplin alipata mtoto wake wa kwanza, wa kiume. Mke wake Mildred Harris alikuwa na miaka 17, yeye 30. Leo tungesema wazi: mama huyu alikuwa binti mdogo. Kuwa msanii mkubwa hakumfanyi mtu awe sahihi kwenye kila kitu, na hilo silifichi. Mtoto alizaliwa na kasoro, akaishi siku tatu.

Siku chache baadaye Chaplin alikuwa anatafuta mtoto wa kuigiza naye. Akampata Jackie Coogan, wa miaka kama minne. Mwaka 1921 wakatoa filamu inaitwa The Kid, yaani mtoto.

Filamu inaanza na mama anatoka hospitali ya maskini, peke yake, na kichanga mikononi. Hakuna baba, hakuna ndugu waliokuja kumpokea na khanga na chupa ya chai. Tunaofanya kazi wodi ya wazazi tumewaona mama wa namna hiyo. Unamwandikia ruhusa, unamwona hana haraka ya kutoka, ndo unajua huko nje hakuna anayemsubiri. Kwenye filamu anamwacha mtoto ndani ya gari la matajiri akitumaini atalelewa vizuri. Wezi wanaliiba gari, mtoto anaishia jalalani, na anayemwokota ni yule maskini wa viatu vikubwa.

Hapo vichekesho vinaanza. Mwanaume hajui lolote kuhusu mtoto. Anatundika birika kwa kamba ili liwe chupa ya maziwa. Anatoboa kiti katikati kiwe poti. Anakata matambara yawe nepi. Kila nikiona sehemu hiyo nacheka kama nesi na kama mama, maana ukiondoa birika, ambalo msilijaribu tafadhali, yule bwana anafanya karibu kila kitu tunachowaomba akina baba: amshike mtoto, amlishe, amweke safi, asione aibu.

Halafu miaka mitano inapita, wanakuja watu wa serikali kumchukua mtoto wampeleke nyumba ya yatima. Mtoto ananyoosha mikono analia. Hakuna sauti, lakini unaisikia. Chaplin mwenyewe alipokuwa na miaka 7 aliingizwa kwenye nyumba ya maskini London pamoja na kaka yake, na mama yake baadaye akalazwa kwa ugonjwa wa akili. Alikuwa anacheza kitu alichokijua.

Nawaambia hivi kwa sababu wapo kati yenu waliopoteza mtoto siku ya tatu, ya saba, ya kumi. Mnaambiwa nyamaza, utapata mwingine. Mume naye anarudi kazini kesho yake na kila mtu anadhani hana kitu moyoni. Kuna mtu alirudi kazini siku chache baada ya msiba, na mtoto yuko kwenye kila picha ya kazi ile. Msimwambie mfiwa anyamaze. Mwacheni amtaje mtoto wake kwa jina.

Na yule Jackie Coogan? Akawa mtoto maarufu duniani, akaingiza mamilioni ya dola. Alipokuwa mtu mzima akakuta wazazi wamekula karibu pesa yote. Alishtaki mwaka 1938 akaambulia sehemu ndogo. Mwaka 1939 jimbo la California likatunga sheria ya kulinda mapato ya watoto waigizaji, na mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Kwa hiyo mama unayemrekodi mwanao akichekesha, akaunti imekua, matangazo yanaingia: pesa hiyo ni ya mtoto. Mfungulie akiba. Na siku akikuambia amechoka, kamera izimwe. Sheria yetu ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumtumikisha mtoto kwa unyonyaji, na kazi ya kuchekesha nayo ni kazi.

SEHEMU YA 6: Namna ya kuvirudisha

Najua swali linalokuja: nesi, si ulisema tupunguze watoto kukaa kwenye skrini? Nilisema na bado nasema. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo: mtoto wa chini ya mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa, wa mwaka mmoja haishauriwi, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku, na pungufu ni bora. Hilo halibadiliki kwa sababu filamu ni ya zamani.

Ninachopendekeza ni kitu kingine. Chukueni shuka jeupe, lifungeni ukutani uani. Projekta ndogo mnaweza kuazima au kuchangishana majirani wa mtaa. Jumamosi jioni, mara moja kwa mwezi, watoto wa miaka mitano na kuendelea, wazazi wamekaa nao, dakika hamsini basi. The Kid inafaa, na inapatikana mtandaoni. Mtoto aliyezoea Mr. Bean ataizoea haraka, ni ukoo mmoja.

Kwa kuwa filamu haina maneno, mmoja wenu awe mkalimani. Mpeni bibi kazi hiyo. Aelezee kwa Kiswahili, kwa Kigogo, kwa Kirangi, kwa lugha yoyote ya nyumbani, na aongeze chumvi anavyotaka. Mtoto anayesikia lugha ikitumika huku anacheka, anashika maneno mengi. Simu haiwezi kumpa hilo, maana simu humchekesha akiwa peke yake kwenye kona, na wewe hujui kacheka nini.

Tahadhari mbili. Kwanza, tazameni wenyewe kabla. Vichekesho vya zamani vina mabaya yake: ugomvi, ulevi, wanawake kupigwa ikaitwa utani, na kwenye baadhi wazungu wanajipaka masizi kuigiza watu weusi. Ukikutana na hayo, ama ruka, ama simamisha ueleze. Pili, nje jioni kuna mbu. Vaeni nguo ndefu, na baada ya hapo watoto waingie kwenye chandarua.

Ombi langu la mwisho ni kubwa kuliko shuka la uani. Muhogo Mchungu na wenzake zitafutwe, zisafishwe, zioneshwe hapa Dodoma hadharani, kwenye pazia kubwa, bure, kama zilivyooneshwa zamani. Mji huu sasa una wizara zote, una Bunge, na una watoto wengi wanaojifunza jina la Kawawa kama jibu la mtihani. Nataka wamwone akiwa kijana.

Hilo liko kwa wakubwa. Lililo mikononi mwetu ni hili: waliokaa chini mbele ya lori lile wanaondoka mmoja mmoja, nasi manesi tunajua hivyo kuliko wengi. Kama una mzee nyumbani, leo usiku muulize maswali matatu. Gari la sinema lilikuja kijijini kwenu mwaka gani? Nani alikuwa anatafsiri? Mlicheka nini? Andika kwenye daftari kwa maneno yake mwenyewe, bila kumsahihisha. Akikuambia alichokumbuka ni kuku tu, andika kuku.